Pedali Iliyoimba Butembo Ikafa Beni

Mimi ni mtu wa woga. Naanza kwa kulisema hilo mwenyewe kabla wengine hawajanisemea. Pikipiki ikitoa mlio mkali barabarani, nasimama. Simu ikiita kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nakaa kwanza kitandani ndipo naipokea, maana sisi wenye ndugu upande wa Beni tunajua simu za saa hizo huleta nini. Basi mtu asishangae kwamba kazi niliyorithi kwa baba ni ya kutafuta kilichoharibika. Fundi wa redio hulipwa kwa kudhani kuna kitu kibaya mahali fulani, na mimi hilo nalidhani bure kila siku.

Nafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Butembo, upande wa Rughenda, ambako upepo wa uwanja wa ndege huingia chini ya mlango na kupuliza miguu. Natengeneza redio na ampli za makanisa, na kwa miaka michache sasa natengeneza pedali za gitaa. Hivyo ni visanduku vya bati ambavyo mpigaji hukanyaga kwa mguu ili sauti ya gitaa lake ibadilike. Vya dukani vinatoka mbali. Vyangu vinatoka katika redio zilizokufa, na fundi wa mabati wa mtaa wa pili ndiye anayenikunjia masanduku. Wateja wangu wengi ni wanaume, na mara ya kwanza huuliza fundi yuko wapi. Nawaambia ametoka, wasubiri, kisha nachukua bisibisi.

Pedali ninayotaka kuisimulia nilimtengenezea kaka yangu mkubwa, anayeishi Beni.

Kaka alikuwa mpiga gitaa la solo wa kwaya ya parokia yao. Gitaa ni mali ya parokia, lakini kwa miaka mingi lililala nyumbani kwake, na hakuna aliyeliita la parokia isipokuwa paroko. Siku moja alikuwa katika shamba lake la kakao, njia ya kwenda Mangina, ukaja uvumi kwamba kijiji cha jirani kimevamiwa. Watu walikimbilia pikipiki, watatu watatu. Kaka alipanda nyuma kabisa, amekumbatia gunia lake, kwa sababu hata wakati wa kukimbia Munande, mtu wa kabila letu, haachi mavuno. Pikipiki iliteleza matopeni, ikamwangukia mkono wa kushoto pamoja na gunia. Uvumi wenyewe ulikuwa wa uongo. Hakuna aliyevamia kitu siku ile. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwetu walioumwa ni wengi.

Mkono ulipona, ila vidole vitatu vilibaki bila nguvu. Mpiga gitaa hubana nyuzi kwa mkono wa kushoto, na asipobana sawasawa noti hulia mara moja ikakatika. Kaka alijua kidole kiende wapi, na kidole kilifika pale, lakini hakikubana. Alijaribu kwa miezi. Kisha mke wake, wifi yangu, akanipigia simu.

"Wifi, kaka yako alisema na président ya chorale. Siku ya fête ya parokia, nyuma ya misa, atarudisha guitare."

"Atarudisha juu ya nini?" nilimuuliza sababu.

"Anasema guitare hapana ya kuangalia kwa macho. Na hakule muzuri. Asubui anakaa tu inje, anaangalia barabara."

Fête, sikukuu ya parokia, ilikuwa baada ya wiki tatu. Nilimwogopea kaka kuliko nilivyowahi kuogopa barabara. Shamba alikuwa ameliacha, kwa sababu hakuthubutu tena kurudi kule. Sasa angeacha gitaa, na sikuweza kuona ni nini kingebaki kumtoa kitandani. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho ya kaka yalikuwa mazima kabisa.

Kuna aina ya pedali inayoishika noti isife upesi. Unapiga uzi kidogo tu, nayo inaupokea mlio ule na kuurefusha. Sauti inakwaruza kidogo, kama ya mtu mwenye mafua, lakini inadumu. Niliwaza kwamba mtu mwenye vidole dhaifu akiwa na pedali ya namna hiyo, noti zake zingeweza kusimama. Baba aliniachia kopo la transista za zamani, zile zenye kofia ndogo ya chuma, alizozitoa katika redio za ujana wake. Za siku hizi nazo zinafanya kazi hiyo, ila zinakera masikio. Zile za zamani zinaimba.

Nilichagua mbili. Nilifanya kazi kama baba alivyonifundisha, yaani moto nje, kazi ndani. Umeme wetu si wa kuuamini, kwa hiyo chuma cha kulehemu nakipasha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na mbabula inakaa barazani ili majivu yasiingie kwenye redio za watu. Unatoka, unachukua chuma chekundu, unaingia mbio, unalehemu pointi mbili tatu, unatoka tena. Asubuhi nyingi nilikimbia hivyo nikiwa nimevaa sweta mbili. Rezista ya kuilisha transista ya pili ndiyo ngumu, maana lazima uichague kwa sikio, unaweka moja, unasikiliza, unaitoa, unaweka nyingine. Nilijaribu tisa. Kwa ile ya tisa nilipiga uzi mmoja wa gitaa la mteja, noti ikasimama chumbani nikahesabu mpaka kumi na nne bila kuisikia ikianguka. Wanasema siku njema huonekana asubuhi. Nilifunga kifuniko kwa skrubu nne nikaenda kutafuta gari.

Ulikuwa mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu barabara ya Beni hutaka mtu aipite mapema na arudi mapema. Njiani, baada ya Maboya, tukafika kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi. Hapo ndipo nilipokumbuka kile nilichokuwa nimekibeba. Kisanduku cha bati kilichofungwa, chenye betri, nyaya na swichi, kinakwenda Beni, mji ambao watu wake wameuawa na mabomu ya kutengenezwa kwa mkono. Nilikuwa nimekitengeneza kwa wiki mbili na wazo hilo halikunijia hata mara moja. Mimi, ninayeogopa hadi mlio wa sufuria.

"Oyo nini, mama?" mwanajeshi aliuliza, akakitikisa karibu na sikio lake.

"Iko ya guitare, chef."

"Na guitare iko wapi?"

"Iko Beni."

Alinitazama. "Unabeba pédale, guitare hapana?"

Abiria wenzangu walisogea mbali nami polepole, hata yule mama niliyekuwa nimemshikia kuku wake tangu Butembo. Nilifungua skrubu nne, moja ikaangukia mchangani, nikaeleza transista ni nini na rezista ni nini kwa mtu mwenye bunduki. Alikipeleka kwa mkubwa wake chini ya turubai. Alirudi baada ya muda mrefu, akanipa. "Enda. Siku ingine acha kifuniko wazi, batu baone ndani." Kisanduku kikafika Beni kimefunguka, kimejaa vumbi, nami nguo zimenishika mgongoni.

Kaka alinipokea vizuri. Alikuwa amekonda. Tulikaa sebuleni, mchana, chini ya bati lililokuwa linalialia kwa jua, wifi akaleta ampli ya jirani. Kaka alichukua gitaa, akaweka vidole vyake taratibu, akapiga. Pedali ikakohoa. Noti ilitoka nusu, ikatetemeka, ikazimika haraka kuliko bila pedali. Alipiga tena, na tena. Nilibadilisha betri, nikageuza waya, nikapuliza ndani. Ilikuwa inatoa mlio wa mtu anayebanwa koo.

"Ni vumbi," nilisema. "Balifungua ku barrière."

"Ndiyo," kaka alisema. "Ni vumbi." Alilirudisha gitaa ukutani kwa uangalifu sana, na uangalifu ule ndio ulionitia hofu. Mtu anayekasirika bado anataka kitu.

Nilirudi Butembo na pedali. Nikaisafisha kwa brashi na spiriti, nikailehemu upya kila pointi, hata zile zilizokuwa nzuri. Kesho yake asubuhi niliiwasha, ikaimba. Noti ilisimama kama siku ya kwanza. Nikampigia kaka simu, nikaiweka simu mbele ya ampli, nikapiga uzi ule mmoja ninaoujua. Nikadhani mtandao umekatika.

"Uko?"

"Niko," alisema. "Piga tena."

Nilipiga mara sita au saba. Kila mara alisema nipige tena. Mwisho akasema, "Ni yenyewe, mudogo yangu. Lete." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mimi badala ya kufurahi niliogopa, kwa sababu sasa alikuwa na tumaini, nalo lilikuwa limetoka mikononi mwangu.

Nilikwenda tena Jumatano ya wiki ya fête. Safari hii kifuniko nilikishika kwa mpira tu ili wanajeshi wakifungue haraka, na kisanduku chote nilikizungushia mfuko wa nailoni na kitenge. Pale barrière walinicheka na kunipitisha. Tulikaa sebuleni mchana uleule, chini ya bati lilelile. Kaka alikuwa amenyoa ndevu. Alipiga, na pedali ikakohoa, ikabana, ikazima.

Nilijaribu kila kitu kwa muda wa saa nzima. Nilichukua gitaa mwenyewe nikapiga ule uzi wangu, ukazimika pia. Nikamwambia, "Ona, na kwangu inazimika."

"Uko najifanya tu juu ya kunituliza." Alikuwa anatabasamu, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Butembo iko naimba, nilisikia na masikio yangu. Hapa iko nakufa. Donc shida hapana ya mashini. Ni huu mukono. Kila kitu inagusa, inakufa."

Wifi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Ni mwanamke mpole, hajawahi kuniambia neno kali tangu alipoolewa. "Wifi, nakuomba," alisema. "Usimuletee tena. Alitoka ku simu siku ile, akaanza kula. Sasa nitamwambia nini?" Garini nilikaa na kile kisanduku mapajani nikitamani wanajeshi wakichukue.

Kesho yake, Butembo, asubuhi, niliiwasha. Ikaimba. Kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kitu kilichokuwa kinafanya kazi.

Jirani yangu anauza vitambaa. Ni mama Mwislamu, mume wake ana lori la kubeba mizigo, na mambo ya watu anayajua kuliko padri. Nilimsimulia kila kitu kwa sababu sikuweza kunyamaza. Alisikiliza huku anakunja vitenge.

"Kitu ikiwa nzima kwako na inagonjwa kwake," alisema, "jiulize, kwake kuko nini yenye kwako haiko?"

Yeye alimaanisha macho mabaya ya watu. Alifikiri kuna mwanakwaya anayetaka nafasi ya kaka, na nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria hilo usiku. Lakini ushauri wenyewe ulikuwa wa fundi. Nilichukua kipande cha katoni nikaandika vitu vilivyoko Beni visivyoko kwangu. Vumbi la barabara. Ampli ya jirani. Gitaa la parokia. Umeme wa Beni, ingawa pedali inatumia betri. Mtikisiko wa gari. Wivu. Nilivichunguza kimoja kimoja. Nilitikisa pedali, nikaipiga mezani, nikaimwagia vumbi la barazani kwa makusudi. Iliendelea kuimba kwa ujeuri. Wivu nilishindwa kuupima. Joto sikuliandika. Nani wa Butembo ataandika kwamba Beni kuna joto? Tunalijua tangu utotoni, tunavua sweta njiani tukifika Beni, na tunazivaa tena tukirudi, bila kufikiri.

Ijumaa ilinyesha mvua ya upepo. Ilipiga barazani moja kwa moja, makaa yakaanza kulia na kuzima, na nilikuwa na ampli ya kanisa la watu ya kumaliza siku hiyo. Nikafanya jambo ambalo baba angenifukuza kwalo. Niliingiza mbabula ndani, nikaisukuma chini ya meza, nikaendelea na kazi. Pedali ilikuwa juu ya meza, imewashwa, imeunganishwa, kwa sababu wiki ile sikuweza kuizima. Kila baada ya dakika chache nilinyoosha mkono nikapiga uzi mmoja kuona kama bado iko hai.

Mara ya nne au ya tano ikakohoa.

Nilisimama. Nikapiga tena. Noti ilitoka nusu, ikabanwa, ikazimika. Ilikuwa sauti ileile ya Beni, ndani ya nyumba yangu. Wazo langu la kwanza, na naona haya kuliandika, ni kwamba kilichomshika kaka kimenifuata. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimekumbatia mikono yangu. Ndipo nikahisi magoti yananiungua, nikatazama chini ya meza.

Nilichukua pedali na nyaya zake zote nikaisogeza mlangoni, kwenye upepo. Nikangoja. Nikapiga uzi, ikaanza kurudi, kwanza kwa kusitasita, kisha ikaimba. Nikairudisha juu ya meza. Ikafa. Nikaipeleka mlangoni. Ikafufuka. Nilifanya hivyo mara tatu. Kisha nikaondoa kifuniko, na pedali ikiwa inaimba, nikaibana kofia ya ile transista ya pili kwa vidole viwili. Vidole vyangu vilikuwa na moto wa mbabula. Noti ikanikatikia mkononi.

Nilijitukana kwa Kinande, kisha kwa Kifaransa, maana Kinande hakikutosha. Transista za zamani zinahisi joto kuliko mgonjwa. Baba alijua, labda ndiyo sababu moto aliuweka nje, lakini aliniambia habari ya majivu tu. Rezista yangu ya tisa niliichagua nikiwa na sweta mbili, asubuhi, katika upepo wa Rughenda. Nilikuwa nimeishonea pedali nguo za Butembo, kisha nikaipeleka mchana wa Beni chini ya bati na kuishangaa inapozimia. Na kwa kuwa nilikimbilia kurudi kila mara kabla ya jioni, sikuwahi kuisikia Beni ikiwa imepoa.

Kuitengeneza hakukuchukua hata saa moja. Niliitoa ile rezista, mahali pake nikaweka butoni ya sauti ya redio, ile ya kuzungusha, nikatoboa bati ubavuni ili itokeze nje. Kukiwa na joto unairudisha nyuma kidogo, kukiwa na baridi unaisogeza mbele. Niliijaribu mlangoni na juu ya mbabula mpaka mvua ikaisha. Nilitaka kumpigia kaka simu. Nilishika simu mara mbili, nikamkumbuka wifi, nikaiweka.

Jumamosi nilifika kwao karibu na saa sita bila kutoa taarifa. Wifi alinifungulia, akaona kisanduku, akageuza uso. Kaka alikuwa nje kwenye kiti chake, anaangalia barabara. Fête ilikuwa kesho yake.

"Yaya, ingia ndani," nilimwambia, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Sikuje kukutuliza. Nilikuja kukuonesha kitu."

Aliingia, nadhani kwa adabu tu. Sikumpa gitaa. Nilipiga ule uzi wangu mimi mwenyewe, pedali ikakohoa, naye akainamisha kichwa. Nikaizungusha butoni nyuma, polepole, nikipiga. Mlio ukafunguka. Noti ikasimama sebuleni na wifi akatoka jikoni na kijiko mkononi. Kisha nikaondoa kifuniko, nikamshika kaka mkono wa kulia, ule mzima, nikaweka vidole vyake juu ya kofia ya transista.

"Bana."

Alibana. Nikapiga. Baada ya muda kidogo noti ikaanza kukatika. Akatoa vidole, nikaipepea kwa daftari, ikarudi. Alibana tena. Alifanya hivyo mara nyingi, peke yake, anabana na kuachia, anabana na kuachia.

"Kumbe joto," alisema.

"Joto tu. Ata mukono ya président itaiua."

Hapo alicheka, mara moja, kwa pua. Akachukua gitaa. Sitaeleza alivyopiga alasiri ile, maana alikosea sana, vidole viliteleza na mara mbili alisimama kukunja mkono kwa maumivu. Lakini alipofikia noti, noti ilibaki pale mpaka yeye mwenyewe aiache. Kabla ya chakula cha jioni aliniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu Maboya.

"Na mu kanisa? Batu wakijaa?"

"Itakuwa muzuri," nilisema. Sikuwa na uhakika wowote.

Misa ilianza saa tatu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya ampli, karibu na mguu wa kaka, nikijifanya mtu wa mitambo. Kanisa lilikuwa bado na hewa ya asubuhi, na katika wimbo wa kuingia pedali iliimba bila taabu. Watu wakaendelea kuingia, wakajaa mabenchi, wakasimama pembeni, na jua likapanda juu ya bati. Wakati wa Utukufu niliirudisha butoni kidogo. Wakati wa mahubiri nikairudisha tena. Paroko alihubiri kwa urefu, ilikuwa fête, na mimi sikusikia hata neno moja, nilikuwa nahesabu kadiri ya butoni iliyobaki. Ilibaki kidogo sana.

Matoleo yana wimbo mrefu. Akina mama wanacheza wakipeleka ndizi, maharage na kuku mbele, na katikati ya wimbo kwaya hunyamaza ili gitaa lipige peke yake. Kaka alianza. Noti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakohoa. Nilizungusha butoni, ikagonga mwisho. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Ya tatu ikabanwa, ikazimika, na kaka akanitazama chini, na niliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao siku aliporudisha gitaa ukutani.

Sikufikiri. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, mbele ya kanisa zima, nikanyakua chupa ya maji ya mwimbaji wa sauti ya pili, nikayamwaga yote kwenye kitambaa, nikakikamua, nikaifunga nacho pedali nzima nzima. Nikainama juu yake nikaanza kuipepea kwa kitabu cha nyimbo. Akina mama wa mstari wa mbele walidhani nasali, mmoja akapiga magoti pamoja nami. Kaka hakuacha kupiga. Alipiga noti fupi fupi zinazokatika, kwa taabu, kijasho kinamtiririka, na mimi napepea na kuomba maji yasiingie kwenye tundu la waya. Ngoma zilimsubiri. Kisha bati likapoa chini ya kiganja changu, na noti moja, sijui ya ngapi, ikasimama.

Akaishikilia. Akina mama wakapiga vigelegele, nadhani kwa ajili ya kuku, maana mmoja alikuwa ametoroka. Hata hivyo aliishikilia.

Baada ya misa président wa kwaya alikuja. Ni mzee mstaarabu, fundi seremala, na ilionekana kwamba kulipokea gitaa lile hakukumpendeza. Alinyoosha mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

"Papa, ulisema leo utarudisha guitare."

"Nilisema," kaka alijibu. Gitaa lilikuwa bado begani. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto. "Président, niko na ombi. Jumapili yenye kuja, mutuweke kule pembeni ya dirisha. Hapa joto inazidi, pédale inateseka."

Président aliangalia dirisha, kisha akaenda kumwita mtu wa kumsaidia kusogeza benchi.

Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, kichwa wazi, kitambaa kibichi mkononi, nikalia kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakitoka. Wifi alinikuta hapo. Alikuja mbio, amebadilika rangi, akanishika mabega akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna.